Ukitaka Kwenda Magharibi, Anza Mashariki: Mwongozo wa Msafiri wa Goma

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Goma, mwenye harusi, msiba, kesi, mtihani au mgonjwa katika mji mwingine wa Kongo, na ambaye ameambiwa kwamba mji huo si mbali. Ni kweli si mbali. Hapa utaona namna ya kufika hata hivyo.

Anza kwa kupima umbali mwenyewe, kwa penseli. Huhitaji intaneti. Mji wetu uko karibu sana na ikweta, na karibu na ikweta digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo ni kama sawasawa: kila moja ina kilomita 111 hivi. Mtu wa Paris hawezi kufanya hivyo, maana kule juu mistari ya longitudo imebanana na hesabu yake inadai majedwali ya pembe. Wewe unatumia kanuni ya Pythagoras uliyofundishwa sekondari. Uwanja wa ndege wa Goma uko digrii 1.67 kusini na 29.24 mashariki. Uwanja wa Kavumu, unaoihudumia Bukavu, uko 2.31 kusini na 28.81 mashariki. Toa namba kwa namba: 0.64 na 0.43. Zipandishe zote kwa kipeo cha pili, zijumlishe, tafuta kipeuo cha pili. Utapata 0.77. Zidisha kwa 111. Kutoka Goma hadi Kavumu ni kilomita 85 na ushei, juu ya ziwa, kisiwa cha Idjwi kikiwa upande wako wa kushoto.

Ukishaonja utamu wa hesabu hiyo, endelea. Kigali, kilomita 106. Beni, kwenye uwanja wa Mavivi, kilomita 250. Entebbe, 404. Kisangani, kwenye uwanja wa Bangoka, 495. Kinshasa, kwenye uwanja wa N'djili, 1,560. Usiache namba ndogo kuliko zote: ng'ambo ya mpaka, upande wa Rwanda, kuna uwanja mdogo wa Gisenyi, na kutoka uwanja wetu hadi huo ni chini ya kilomita 3. Viwanja viwili vya nchi mbili vimekaa karibu hivyo, na hakuna wa kukuvusha kati yavyo isipokuwa motari na miguu yako.

Sasa tafuta muda. Ndege ya jeti huenda kilomita 800 kwa saa, ya pangaboi kama nusu ya hapo au zaidi kidogo. Gawanya, kisha ongeza dakika za kutembea ardhini, kupanda na kushuka. Safari ya Kinshasa inakuwa saa mbili na dakika 20 hivi. Ya Kavumu, kwa pangaboi, hesabu itakuambia dakika 13. Wewe andika 20 hadi 25, maana ndege haifiki mwendo wake kamili kabla ya kuanza kuteremka tena. Kumbuka pia kwamba Kongo ina saa mbili tofauti. Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa moja, hivyo aliyeondoka hapa saa nne asubuhi alitua kule saa tano na dakika 20 za huko, akawa bado na mchana mzima wa kushughulikia karatasi zake wizarani. Kurudi kulikuwa kunameza saa hiyo hiyo.

Weka daftari kando kidogo. Hesabu hizi zote zilikuwa na faida hadi wiki ya mwisho ya Januari 2025. Tarehe 27 mwezi huo wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Goma, mapigano yakapita ndani ya uwanja wa ndege wenyewe, na safari za abiria zikakatika. Katikati ya Februari Kavumu nayo ikafuata. Mwaka ule wote ukaisha bila ndege ya kibiashara kumteremsha abiria hata mmoja Goma. Kilomita 85 zilibaki 85, na 1,560 zilibaki 1,560. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyeweza kuzipita.

Kwa hiyo, hatua inayofuata: ukitaka kwenda Kinshasa, ambayo iko magharibi, toka nyumbani uelekee mashariki.

Andaa karatasi kwanza. Zamani kadi ya mpiga kura ilitosha kukupandisha ndege ya Kinshasa, kwa kuwa ulikuwa unatoka nchi yako kwenda mji mkuu wa nchi yako. Sasa unahitaji pasipoti yenye uhai wa kutosha, kwa kuwa unatoka nchi yako kwenda mji mkuu wa nchi yako kwa kupitia nchi za watu. Tafuta pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ile ya njano, na hakikisha jina lililoandikwa humo linafanana herufi kwa herufi na la pasipoti. Mtu mwenye majina matatu ambaye muuguzi alimwandikia mawili ana siku ndefu mbele yake.

Halafu mpaka. Ulizia saa za kufungua siku moja kabla, kisha ulizia tena jioni, kwa sababu hubadilika. Goma na Gisenyi ni mji mmoja uliokatwa na foleni, na wanaovuka kituo cha mpaka cha Petite Barrière asubuhi ni mama wenye nyanya, maziwa na vitenge, ambao wameijua foleni hiyo tangu usichana wao. Wape nafasi. Wewe unavuka mara moja, wao hula kwa kuvuka. Ukiwa na sanduku kubwa, elekea Grande Barrière. Ukishagongewa muhuri, panda basi la Kigali. Barabara ni kama kilomita 160, nzuri, imepinda kwa milima yote ya Musanze, na itakuchukua saa tatu na zaidi kuumaliza umbali ambao kwa mstari ulionyooka ni 106.

Ukifika Kigali usitafute ndege ya moja kwa moja ya Kinshasa. Kongo ilizifungia ndege za Rwanda anga lake tarehe 11 Februari 2025, na kabla ya hapo RwandAir ilikuwa imeshazuiwa tangu Mei 2022. Utakwenda Nairobi au Addis Ababa. Fungua daftari tena. Kigali hadi Nairobi ni kilomita 758, Nairobi hadi Kinshasa ni 2,412. Ongeza barabara, na jumla inakuwa kama 3,330: zaidi ya mara mbili ya njia ya mkato. Ukipita Addis Ababa, ni 1,546 kwenda kaskazini-mashariki, kisha karibu 2,990 kurudi kusini-magharibi, na pamoja na barabara unakaribia kilomita 4,700, yaani mara tatu. Saa yako utaisogeza mbele kwa saa moja, kisha utairudisha nyuma kwa mbili. Njiani, angani kati ya Nairobi na Kinshasa, utakuwa unaipita tena nchi yako yote kutoka mashariki hadi magharibi. Ukipewa kiti cha dirishani, tazama chini.

Nauli sitaitaja, kwa kuwa inapanda na kushuka. Nitasema tu kwamba tiketi mbili za kimataifa, basi, chakula cha njiani na pengine usiku mmoja wa kulala Kigali si mzigo ambao mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuubeba ili akamzike baba yake. Wengi hawasafiri. Wanafuatilia mazishi kwa simu, video ikikatika na kurudi, na hilo nalo ni jibu la swali la umbali.

Ipo njia nyingine, ya wasio na nauli ya Nairobi. Wanapanda gari hadi Rutshuru, wanakwenda Bunagana, wanaingia Uganda, wanapanda juu kupitia magharibi ya nchi hiyo hadi Mpondwe, wanarudi Kongo kwa mlango wa Kasindi na kufika Beni. Huko, kwenye uwanja wa Mavivi, wanaweza kupata ndege ya ndani ya Kinshasa. Wameizunguka hifadhi ya Virunga na mstari mzima wa vita kwa magari na pikipiki ili kufika mji ulio kilomita 250 kutoka pale walipoanzia. Ukichukua njia hii, beba nguo nzito, maana Kabale kuna baridi, na usipange kuondoka Mavivi siku ile ile unayotarajia kufika.

Kwa Bukavu kuna ziwa, na hapa mwongozo unabadilisha sauti kidogo. Boti ya kasi hutumia saa kama tatu, meli kubwa ya usiku hukufikisha alfajiri. Ni safari nzuri siku ikiwa njema, na wengi wetu tuliipenda hata wakati ndege zilikuwepo. Lakini chagua chombo kwa macho yako. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na gati ya Kituku, hapa hapa Goma, watu wa sokoni wakitazama, na makumi wakafa. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi kwa sababu vita vilikuwa vimeifunga barabara ya Sake na Minova, na wafanyabiashara waliokuwa wakipita nchi kavu walikuwa wamehamia majini. Uliza kuhusu jaketi la kuokolea kabla ya kuuliza bei. Uliza mnaondoka saa ngapi. Ukijibiwa, "Tukijaa, mama," shuka. Utapata nyingine. Barabara inapofungwa, watu huhamia kwenye maji. Uwanja unapofungwa, huhamia kwenye barabara na maji pamoja, na uzito huo wote unaishia juu ya mbao za mashua ya mtu mmoja.

Nimesema ndege inakosekana. Lazima niseme pia ilikuwa ndege ya namna gani, kwa kuwa anayetaka irudi anapaswa kujua anataka irudi vipi.

Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko ya Mombasa au Matadi. Bawa linashika hewa kidogo, injini inavuta hewa kidogo, na ndege ile ile yenye mzigo ule ule inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Alasiri joto likipanda, inahitaji kukimbia mbali zaidi tena. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Goma ilijengwa ndefu, mita 3,000. Na ndiyo maana tarehe 17 Januari 2002 ilikuwa msiba wa namna mbili. Mlima wa volkano wa Nyiragongo, ulio kilomita 16 hivi kaskazini ya uwanja, ulipasuka ubavuni, lava ikashuka mitaani, ikateketeza katikati ya mji, na njiani ikamwagika juu ya ncha ya kaskazini ya njia ya kurukia. Karibu theluthi moja ilizikwa. Kwa miaka mingi rubani aliyeshuka Goma alikuwa na kama mita 2,000 mbele yake, na mwishoni mwa hizo ukuta wa jiwe jeusi.

Upande wa pili wa njia hiyo ni watu. Birere, Mapendo: mitaa imejengwa hadi kwenye uzio, nyumba za mbao juu ya jiwe la lava, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza mpira pale ambapo ndege inapita kwa kimo cha mnazi. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya shirika la Hewa Bora iliyokuwa ikielekea Kisangani na kisha Kinshasa ilishindwa kunyanyuka, ikaimaliza njia ile fupi na kuingia Birere, kwenye maduka. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wanauza au wananunua. Tarehe 4 Machi 2013 Fokker 50 ya shirika la CAA ilianguka mjini ikija kutua. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 ya Busy Bee, ikiwa na watu 19 kwa safari ya Beni, iliruka ikaanguka Mapendo juu ya nyumba. Tangu Machi 2006 Umoja wa Ulaya umeyapiga marufuku mashirika ya ndege ya Kongo katika anga lake. Sisi hatukuwa na anga jingine la kuchagua. Tulipanda.

Tulipanda kwa sababu kutoka Goma hakuna barabara ya kukufikisha Kinshasa. Tulipanda, na vyakula vyetu vikapanda: jibini la Masisi na maharage ya Rutshuru vilikuwa vinaliwa Kinshasa siku inayofuata. Hata pasipo uwanja tulipanda. Kule Walikale, kilomita 130 hivi kutoka hapa, marubani walikuwa wakitua Kilambo juu ya barabara ya lami, magari yakisimamishwa pembeni, ili kubeba mawe ya kasiteriti yaliyoteremshwa mgongoni kutoka mgodi wa Bisie. Ukitaka kujua ndege ina maana gani kwa Kivu, sogea karibu na mizani ya abiria wa ndege ndogo. Abiria anapanda juu yake yeye mwenyewe, begi mkononi, na karani anaandika kilo za mtu na begi kwa pamoja, mbele ya foleni yote. Hakuna anayeona haya. Bibi mnene anapitishwa, kijana mwembamba mwenye gunia la samaki anaambiwa apunguze, na gunia linafunguliwa pale pale sakafuni.

Hatua ya mwisho ni kujiandaa kwa siku ya kufunguliwa kwa uwanja, na hii ndiyo iliyonifanya niandike yote yaliyotangulia.

Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa ndege za misaada ndani ya wiki zinazofuata. M23 walikataa. Usiisahau tarehe hiyo, na usiisahau Julai 1994 pia, wakati wakimbizi karibu milioni walipovuka kutoka Rwanda kwa siku chache na ndege za misaada zikatua hapa moja baada ya nyingine. Njia ya kurukia ilikuwa na mita zake zote. Leo wagonjwa wapo, waliohamishwa wapo, dawa zinasubiri kwenye maghala ya nchi jirani, na zinakuja kwa lori. Mwenye bunduki na mwenye serikali wanajadiliana nani atie saini ya ruhusa ya kutua. Mimi ninayeishi hapa naomba saini hiyo itiwe na yeyote, mbele ya yeyote, mradi ndege itue na mtoto aliyepigwa risasi asisubiri lori.

Basi, siku ikitangazwa, usikimbilie tiketi. Kila aliyeruka kutoka Goma miaka ya mwisho kabla ya uwanja kufungwa alilipa Go-Pass, tozo iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya kujenga viwanja: dola 10 kwa safari ya ndani, dola 50 kwa safari ya nje, kabla ya kuruhusiwa kuigusa ngazi ya ndege. Kwa tozo hiyo umeshanunua haki ya kuuliza, na maswali ni haya. Nani ameikagua njia ya kurukia baada ya mapigano, na amepekua mabomu yasiyolipuka mpaka wapi? Mnara wa kuongozea ndege una vifaa, na una watu wanaolipwa? Gari la zimamoto liko wapi, na maji yake yanatoka wapi? Familia za Birere na Mapendo zinazolala kwenye mhimili wa kurukia zitapewa kiwanja gani kingine, kwa fidia ya kiasi gani, kabla ya ndege ya kwanza? Na njia yenyewe sasa ina urefu gani? Jibu la swali hili la mwisho litolewe kwa mita, na liandikwe kwa rangi ukutani, juu ya dirisha linalouza Go-Pass, mahali ambapo abiria na rubani wote watalisoma kabla ya kupanda.